Fimbo ya Mwanzi Kanisani

Ndugu zangu, mnaonijua mtanivumilia, na msionijua naomba mnisikilize. Mimi ni Nicodemus Wamalwa. Mwaka wa 1956 nilikuwa nikipasua mbao katika kiwanda kimoja hapa Elburgon, na Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa. Jumapili ninayowasimulia ilianza vizuri. Jua lilikuwa limetoka mapema, mke wangu Nasimiyu alikuwa amelipiga pasi shati langu jeupe, na binti yetu Nanyama, mwenye miaka saba, aliimba njia nzima akiruka madimbwi. Mpita njia angesema hiyo ni nyumba yenye amani.

Mkononi nilishika fimbo ya mwanzi iliyonizidi kimo. Sasa niwaambie siri yake, ingawa inanitia haya hadi leo. Kwetu, wazee hunywa pombe ya busaa kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wangu niliurithi kwa baba. Lakini kanisa letu lilikataza pombe, nami niliapa kuiacha. Badala ya kuutupa mrija, nilikata mwanzi msituni, nikautoboa, nikauficha mrija ndani na kuziba chini kwa kipande cha mti. Waumini, wengi wao Wakalenjini wasiojua mambo ya mirija, waliiita fimbo ya mchungaji. Nami niliitika. Kila jioni baada ya kazi, mimi na fimbo yangu tulikuwa chunguni.

Nasimiyu alijua. Niliposhindwa kuamka, aliwaambia majirani nina malaria. Mwaka ule niliugua malaria mara nyingi ajabu, tena katika baridi hii ya Elburgon ambako mbu ni wa kutafutwa.

Basi Jumapili ile niliitwa mbele kuomba. Mnajua nilivyokuwa nikiomba: nilianzia kwa Adamu, na mpaka nifike kwetu watoto walikuwa wamelala. Alfajiri nilikuwa nimepita chunguni kuzimua, na kwa haraka sikukaza kizibo. Nilikuwa nikiwaombea walevi wa mji huu, kwa sauti ya kutetemeka, nilipoinua fimbo juu. Kizibo kikatoka. Mrija ukateleza ukaanguka sakafuni, ungali umelowa, na harufu ya busaa ikajaa kanisani.

Hakuna aliyecheka. Nanyama alikuja mbele, akauokota kwa adabu na kuninyooshea kwa mikono miwili.

"Baba, mrija wako umeanguka."

Kumbe mtoto alijua siku zote. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani Nasimiyu hakunigombeza. "Nimedanganya watu kwa ajili yako mpaka nimechoka," alisema. "Huyu mtoto sitamfundisha kusema malaria." Akaniambia nikikaa bila pombe mpaka mahindi yakauke shambani, nimwandikie barua. La sivyo, hatarudi. Jumanne akapanda gari la moshi na Nanyama kwenda kwa wazazi wake.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, nanyi msinifuate. Niliacha kuomba. Nilijiambia nitajisafisha kwanza, kisha ndipo nirudi mbele za Mungu, kama mtu anayeona haya kuingia kwa watu na viatu vya matope. Nikajisafisha kwa kunywa zaidi.

Aliyenitoa ni Kiplangat, mwendesha ng'ombe wa kuvuta magogo, mtu ambaye zamani nilimwombea hadharani kwa ulevi wake. Alikuwa ameacha, na sikuwahi kumuuliza aliachaje. Siku moja tulipopumzika kando ya magogo, niliuliza.

"Mimi sijui maneno mingi," alisema. "Asubuhi nasema, Mungu, nisaidie leo nisikunywe. Jioni nasema asante. Ni hiyo tu."

"Na kama umekunywa?"

"Unasema tu. Unafikiri yeye hajui?"

Nilidharau kidogo, nakiri. Sala gani hiyo isiyo na kichwa wala miguu? Lakini asubuhi niliisema. Jioni nikanywa. Nikarudi nyumbani nikinuka, nikapiga magoti kwa aibu na kusema, "Leo nimeshindwa. Kesho unisaidie tena." Ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli kwa miaka mingi. Nilianguka mara nne zaidi, na mara zote nne nilisema. Halafu siku zikaanza kufuatana. Jioni nilikwenda kukaa na Kiplangat badala ya kwenda chunguni, na kwa kuwa maneno yangu yalikuwa machache, nilibaki na nafasi ya kusikiliza.

Mahindi yalipokauka niliandika. Walifika kwa gari la adhuhuri. Nasimiyu aliutazama mwanzi wa ile fimbo, ambao nilikuwa nimeupasua kati ukawa mfereji wa kuteremsha maji ya mvua pipani. Akapika ugali, akanitaka niombee chakula. Nanyama akaegemea ukuta, akafumba macho kama anayejiandaa kulala.

"Mungu, asante. Tusaidie leo."

Nanyama akafumbua jicho moja. "Baba, umemaliza?"

"Nimemaliza."

Nasimiyu akajifuta macho kwa kanga, akaninawisha mikono.

Mafunzo

Usingoje uwe safi ndipo uombe. Omba ukiwa vile ulivyo, maneno machache, kila siku, hata siku ya kushindwa. Sala ndefu niliwasomea watu, na nyuma yake nilijificha. Na usidhani nyumba yako haijui unachoficha. Mimi bado naona haya, na kesho asubuhi nitaomba tena.