Pumzi ya Kitinda

Asubuhi ile boti nyekundu ilikuwa inayumba, na stoo haina hata dirisha la kupitisha upepo.

Komando aliiona alipoingia kuchukua vifaa vya siku. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu alikuwa mwanamke anayepanda mlima kana kwamba kuna mtu anamdai huko juu. Alikuwa na miaka minne katika kazi ya kuongoza wageni: saa tatu za kupanda kwa miguu, kisha kuvuka ziwa la mlimani kwa vijiboti vya upepo, kisha kushuka. Uzuri wa vijiboti vile ni kwamba unavibeba begani vikiwa vimekunjwa kama blanketi, unavijaza upepo ufukweni, unavuka, halafu unafungua vali, upepo unatoka, unakunja tena, unaondoka zako.

Vyote vilikaa rafuni vimekunjwa, isipokuwa hiyo nyekundu. Ilining'inia darini kwenye kulabu mbili, imejaa mwaka hadi mwaka, na haikuwahi kushushwa ziwani. Pembeni yake palikuwa na kulabu nyingine mbili zisizo na kitu. Kila asubuhi mzee anayetunza stoo alipanda stuli, akaweka mdomo kwenye vali ya boti ile na kupuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, huku mkewe ameketi kwenye kiti karibu na mlango akiutazama mlima.

Waongozaji walimtania sana. "Mzee, huyu mke wa pili atakuletea ugomvi nyumbani!" Mke wa kwanza aliyasikia yote hayo pale alipoketi, na hakukasirika wala hakucheka. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno.

La ajabu ni kwamba mzee huyohuyo hakuruhusu mtu mwingine yeyote atie mdomo kwenye boti. Kila boti ilikuwa na mfuko wake mkubwa, mwepesi: unaukaza kwenye vali, unadaka upepo, unaukamua ndani. "Kwa mfuko tu," alisema kila siku, mpaka watu wakamwigiza. "Mate yanaozesha boti kwa ndani."

"Shikamoo, Mzee. Mbona leo inacheza?" Komando aliuliza, akiinyooshea kidole ile nyekundu.

"Marahaba. Nimechelewa kuijaza." Mzee hakuitazama. "Mifuko umeikunjua yote, ukaikagua?"

"Nimeikagua."

Alikuwa ameihesabu. Kuikunjua hakuikunjua, kwa kuwa wageni walikuwa wameshafika, na mmoja wao alikuwa mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Alikuwa msusi, na harusi yake ilibakiza wiki tatu. Komando, ambaye hakuwa hodari wa kusema maneno matamu, aliamua kumpa zawadi ya siku moja juu ya mlima, wao wawili kabla hajawa mke wa mtu. Wengine walikuwa daktari mmoja wa meno, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, na walimu wawili, mume na mke, waliogombania chupa moja ya maji njia nzima.

Kitinda alicheka tangu kwenye misonobari mpaka kwenye mawe. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda ngazi kwa ngazi mpaka puani, na mwisho kabisa alikoroma kidogo, kisha akaziba mdomo kwa aibu. Daktari wa meno alikiri kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona mtu akicheka kwa meno yote thelathini na mawili.

"Huyo bwana harusi anajua anaoa kelele?" aliuliza.

"Nimempa onyo kwa maandishi," Kitinda akajibu, na kicheko kikaanza upya. Hata Komando alicheka, na yeye huwa hacheki kazini.

Ziwa liliwapokea kwa ukimya. Maji yalikuwa meusi, kilele chenye theluji kimelala ndani yake kichwa chini, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba kila aliyefungua mdomo alitoa moshi. Walikunjua boti, wakakaza mifuko, wakaanza kudaka upepo. Ndipo mfuko wa Kitinda ulipoonyesha tundu la ukubwa wa ngumi, lililotafunwa na panya.

Walilibana tundu kwa mikono, boti ikajaa nusu ikagoma. Kulikuwa na mifuko mingine minne pale pale. Ilitaka kungoja dakika kumi tu wengine wamalize. Lakini wingu lilikuwa limeshavuka kilele, na Komando alijua wingu lile likishuka huleta upepo, na hakutaka kuambiwa na mtu kwamba alichelewesha wageni kwa ajili ya mdogo wake.

"Malizia kwa mdomo," alisema.

"Si umesema Mzee anakataza?"

"Mzee anaogopa boti kuota ukungu. Una mapafu mawili, yatumie. Au unataka nikubebe mgongoni?"

Kitinda akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye vali, akapuliza. Alipuliza mpaka macho yakamzunguka, na kwa jinsi alivyojiona kituko, akacheka hali mdomo bado uko kwenye vali, kicheko chote kikaingia ndani. Komando alikisikia kikiingia. Kisha, kwa nyuma kabisa ya boti, kitu kikacheka taratibu kumjibu, ngazi kwa ngazi, ila mwishoni hakikukoroma.

Mwangwi, Komando alijiambia. Milimani kuna mwangwi. Akafunga vali.

Walivuka kwa mstari, Komando mbele, Kitinda nyuma kabisa. Maji yalikuwa yametulia kama ya mtungini. Walipofika katikati, daktari wa meno akaacha kusimulia, walimu wakaacha kugombana, na hakuna aliyejua kwa nini. Palikuwa na harufu ya mpira uliolowa na, chini yake, harufu ya bigijii ya mnanaa aliyokuwa akitafuna Kitinda.

"Dada." Sauti ilitoka nyuma, ndogo. "Kuna mtu anapumua chini yangu."

"Ni mawimbi."

"Dada, hakuna mawimbi."

Komando akageuza boti. Mdogo wake alikuwa ameliweka kasia mapajani na mikono kaiinua juu, kama mtu anayeogopa kugusa jiko. Boti yake ilikuwa inatuna na kunywea, inatuna na kunywea.

"Nikitoa pumzi, yeye anavuta," Kitinda alinong'ona. "Nikivuta, ananingoja."

"Usiongee. Nakuja. Kaa hivyohivyo."

"Dada... sasa haningoji."

Komando alipiga kasia kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyopiga ndivyo boti ile ilivyorudi nyuma kuelekea penye maji meusi zaidi, bila kasia, bila upepo, bila mkondo, ikitunatuna kama kifua cha mgonjwa, mpaka alipoifikia na kuidaka kamba ya ubavuni na kuivuta kwake, na hapo, chini ya vidole vyake, akaona ule mpira ukiinuka kwa ndani, ukachora pua, ukachora mashavu, kisha ukachora midomo miwili mikubwa iliyobandikwa upande wa pili wa vali, ikinyonya kwa pupa, kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa tangu asubuhi. Hakupiga kelele. Roho ilikuwa imemruka lakini mikono ilikuwa ya kazi, na mikono hiyo ikafunga kamba kwenye boti yake, na akaivuta boti ya mdogo wake mpaka ng'ambo bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Ufukweni Kitinda alishuka mwenyewe, akasimama kando ya boti, mdomo wazi kidogo.

"Umetutisha, binti," alisema daktari wa meno, akicheka kicheko cha woga. Moshi ukamtoka mdomoni. Akamtazama Kitinda, akamsogelea karibu, kisha akarudi nyuma hatua mbili. "Komando," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona mdomo wake hautoi moshi?"

Walimu wakashikana mikono.

Mtu akichanganyikiwa hufanya kile mwili umezoea. Miaka minne mwili wa Komando ulizoea jambo moja kila ukifika ufukwe ule: kupiga magoti na kufungua vali. Akapiga magoti. Akafungua.

Kilichotoka kilikuwa kicheko cha Kitinda. Kilitoka chote, kutoka tumboni, ngazi kwa ngazi mpaka puani, na mwisho wake kile kikoromo, chenye harufu ya mnanaa, kikaelea juu ya maji kikienda mbali, kikagonga mwamba wa theluji, hakikurudi. Nyuma yake kitu kizito kilianguka juu ya kokoto. Daktari wa meno alipiga ukelele, "Funga! Funga, mwanamke, anakufa!" Na Komando akaifunga vali kwa mikono miwili, akailalia kwa kifua, akilia, "Nisamehe, mama yangu, nisamehe," mpaka aliposikia kokoto zikisogea na kumwona mdogo wake akiketi. Kitinda alimtazama. Macho yalikuwa yake. Lakini tangu saa ile hakucheka tena.

Komando aliibeba boti kichwani, imejaa upepo vilevile, mpaka chini ya mlima. Wageni walitangulia mbali wala hawakugeuka. Kitinda alifuata hatua mbili nyuma ya boti. Boti ikisimama, alisimama.

Mzee aliwaona wakiingia. Aliiangalia boti, akamwangalia binti, akakaa chini sakafuni.

"Mdomo wa nani?" aliuliza.

"Wake. Mimi ndiye niliyemwambia. Mzee, kuna nini humu ndani?"

"Jini wa ziwa. Hana pumzi ya kwake, basi huingia katika ya mtu akakaa." Alisema kwa uchovu. "Ukiufungua upepo wote, jini anatoka, na mdogo wako anatoka naye. Ukimwacha, vali huvuja. Kila asubuhi lazima uongeze, kwa mdomo. Nusu anakula yeye, nusu anapata mdogo wako."

"Kwa nini hukutuambia ukweli? Ukatudanganya na mambo ya mate!"

"Ningesema ukweli, nani angepanda boti?"

Komando angemkaba. Alitaka kumkaba, na mikono ilishaanza kuinuka. Lakini mzee alikuwa amegeukia mlango, alipoketi mkewe, na Komando naye akageuka, na ndipo alipouona, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, mdomo wa bibi yule. Ulikuwa wazi kidogo. Kwenye baridi ile ya jioni haukutoa moshi.

"Mpaka lini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mimi nampulizia mwaka wa kumi na tisa huu. Na kifua kimeanza kuchoka." Mzee akainuka kwa taabu, akachukua kamba mbili zilizokatwa tayari zikiwa zimetundikwa msumarini. "Nilikuwa naomba nipate mtu wa kusaidiana. Sikuomba awe wewe, Mungu anajua. Lakini niliomba." Akapanda stuli, akazifunga kamba kwenye zile kulabu mbili zilizokuwa tupu.

Siku ya harusi ilifika ikapita. Bwana harusi alikuja stoo mara mbili, akakaa na mchumba wake saa nzima, akamshika mkono ulio baridi. Mara ya tatu hakuja, na Komando hakumlaumu. Mama yao huletewa maneno kwamba Kitinda anaumwa, anatunzwa na dada yake, na mama anamshukuru Mungu kwa kumpa binti mkubwa mwenye huruma.

Sasa karibu na mlango kuna viti viwili. Kitinda huongea asubuhi tu, pumzi ikiwa mpya. Wiki ya kwanza alisema, "Dada, umekula kitunguu," na Komando akashuka kwenye stuli akamkumbatia, akilia kwa furaha. Wiki ya pili alisema, "Dada, huku ndani ananilalia." Baada ya hapo akabaki na ombi moja.

Mzee naye alizikwa mwanzoni mwa majira ya theluji. Asubuhi ya mazishi Komando alimaliza kupuliza boti ya njano ya mdogo wake, akasogeza stuli chini ya ile nyekundu, akapuliza na hiyo pia, maana bibi alikuwa amemgeuzia uso kwa mara ya kwanza. Kizunguzungu kilimshika, akakaa chini kati ya viti vile viwili.

"Fungua," alisema Kitinda.

"Kesho."

"Ulisema kesho jana, Dada. Nimechoka. Nihurumie, fungua."

"Kesho, Kitinda. Nakuapia."

Asubuhi iliyofuata alipanda stuli akiwa ameamua kabisa. Aliishika vali kwa vidole viwili, akasogeza sikio karibu apate kusikia mara ya mwisho. Na huko ndani kikaanza kicheko, kutoka chini, ngazi kwa ngazi, kizuri, cha meno yote thelathini na mawili, na safari hii mwishoni kikakoroma kidogo.

Pale mlangoni Kitinda alikuwa akitikisa kichwa, mdomo wazi, machozi yakimtiririka.

Komando alijua vizuri kwamba anayecheka si mdogo wake. Akavuta pumzi ndefu, akaweka mdomo, akapuliza.