Uzi Katika Shimo la Jicho

Rafiki yangu anatunza mafuvu katika chuo cha udaktari, na si mtu wa kutia chumvi. Ndiyo maana hili linaninyima usingizi.

Shemeji yake, daktari wa upasuaji, alimwomba fuvu moja la kabatini. Binadamu tunatofautiana hadi mifupani, na shimo la jicho la fuvu hilo lilikuwa na kitundu cha ziada, sawa na cha mgonjwa ambaye shemeji alikuwa anajiandaa kumpasua.

"Mshipa wa damu unapita humo," alimwambia. "Ukiukata bila kujua, mtu anakufia mezani. Huyu mwenye fuvu alimfia mwalimu wangu hivyo hivyo. Nipitishie uzi, nikirudi nione njia yake."

"Haya, shemeji. Wazee hawa hawanisumbui. Sijawahi kusikia hata mmoja akinung'unika."

Alikuwa ameanza kuusukuma uzi umeme ulipokatika. Chumba hakina dirisha. Gizani alisikia uzi ukikwaruza mfupa taratibu, akadhani ni yeye anayesukuma, mpaka alipotambua kwamba mkono wake umetulia. Uzi ulikuwa ukivutwa kwenda ndani. Ukasimama. Kisha ukakazwa mara moja, kwa nguvu ya mtu anayejua kazi yake.

Taa ziliporudi aliuchomoa. Shemeji alipofika aliutazama, akatafuta kiti.

Ncha iliyokuwa ndani ilikuwa na fundo, lile wanalofunga madaktari kuzuia mshipa unaovuja damu. Fundo lilikuwa limelowa.