Kamba ya Geeta

Geeta alianguka kabla fahali hajamaliza mzunguko wa kwanza. Alikuwa fahali wa mashine, kwenye banda moja la Harrow walikofundishwa wanagenzi wa rodeo, mchezo wa kupanda mafahali, lakini kishindo kilikuwa cha kweli. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi 1986. Mkono wa kulia wa binti huyo uliteguka. Jaswant, mwenye banda, alipoona wekundu pajini mwa Geeta akapiga ukelele.

"Damu!"

Placida akapiga magoti, akaugusa. Kabla ya kuja London alikuwa mpelelezi wa polisi Moshi. Sasa alisimamia ofisi ya banda. "Si damu. Ni rangi nyekundu." Punje ya mchele ilimdondokea kiganjani, akaipukuta. Kisha akashika kamba. "Mbona hii inateleza?"

Muhiddin, fundi wa kamba, Mpemba mpole, akasawijika. "Haiwezekani, dada. Nimeipaka ulimbo mkavu, nikaisugua kwa glavu mpaka ikanata. Mwanagenzi simfungi mkono. Namkazia kamba kifuani mwa fahali, yeye ashikilie kwa ulimbo tu, ili akitaka kuachia aachie."

"Sasa ulimbo umegeuka mafuta?" Jaswant alifoka. "Funganya vitu vyako leo leo. Na chumba cha juu nakitaka."

Katika London nzima Muhiddin hakuwa na pengine pa kulala.

"Bwana Jaswant, hukumu haikimbizwi," Placida alisema. "Nipe mpaka chai iive."

Aliinusa kamba. Samli.

"Uliiacha wapi, kaka?"

"Kigingini. Nikatoka kuwafungulia watu lango."

"Ulimwacha nani ndani?"

"Nilimwona Telesphor."

Telesphor, mwanafunzi wa uhasibu, alikuwa kwenye kreti anakula chapati inayong'aa samli, kibakuli cha samli kando yake.

"Ulitaka kupanda wa kwanza, Geeta akakutangulia," Placida alimwambia.

"Nilinuna, sikatai. Lakini da' Placida, samli niipake kamba, chapati niile kavu?"

Watu wakacheka. Placida hakucheka. Alirudi kwenye kamba, akaupanua msuko wa mshikio kwa kucha. Ndani yake palikuwa na punje ya mchele mbichi, ncha yake nyekundu. Chapati haina mchele. Akaikumbuka ile aliyoipukuta.

Alikwenda kwenye benchi ambako Champa, bibi yake Geeta, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amekilaza kichwa cha mjukuu mapajani. Akaketi karibu naye.

"Bibi Champa, mwanao aliponunua gari jipya, ulilifanyia nini?"

"Nililibariki. Rangi nyekundu, mchele..."

"Na leo ulifika mapema."

"Nilileta chakula." Akazipapasa nywele za Geeta. "Kila kinachombeba mtoto huyu lazima nikibariki. Baiskeli yake, viatu vya shule. Leo kamba ndiyo ilikuwa imbebe. Rangi niliichanganya na samli, nikapaka palepale atakaposhika, ili Mungu asikosee mahali."

"Uliposema inateleza, nikajua," aliendelea. "Nikakaa kimya, na baba wa watu anafukuzwa mbele ya macho yangu. Niliogopa Geeta atanichukia."

Geeta alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku, kwa sauti ndogo, kwamba hawezi kumchukia. Mkono wake mzima ulikuwa tayari umeshika vidole vya bibi yake, na haukuteleza.

Jaswant alizivuta ndevu zake. "Muhiddin, ndugu yangu, hiyo maneno ya chumba, sahau. Nimekosa."

"Yamepita," Muhiddin alisema. Tayari alikuwa anaifuta kamba kwa kitambaa, taratibu, msuko kwa msuko. "Bibi, usilie. Hata mimi kila kamba naisomea kabla sijaikaza. Sema tu dua yangu haina samli."

Champa akacheka katikati ya kilio.

Muhiddin alifungua kengele nzito inayoning'inia chini ya kamba, akamwekea Champa mkononi. "Hii nayo inambeba. Mpandaji akiachia, uzito wake ndio unaoiangusha kamba, asiburuzwe. Na hakuna mtu anayeishika. Hii, mama, paka mpaka ing'ae."

Champa akajifuta macho kwa ncha ya sari, akaigeuza kengele huku na huku, akaipima kwa mkono. Kisha akaangaza banda zima.

"We Telesphor! Umebakisha samli?"