Alama ya Nasti

Kulungu yule mweupe alikuwa halii miguu. Mtu wa kwetu akisikia hilo tu, kikombe cha kahawa kinarudi mezani. Kulungu wa theluji akitembea, vifundo vyake hugonga, tik, tik, kila hatua, na kundi zima likipita msituni gizani utadhani kuna watu wanavunja vijiti. Huyu alizunguka zizi lote mbele ya macho ya Ravna, kwenye theluji ngumu, na hakutoa hata mlio mmoja. Ravna akajiambia theluji ni laini. Laini wapi! Lakini ndivyo alivyo, jambo asilolitaka halioni, na nasema haya mimi niliyekaa jirani yake tangu alipoolewa hapa Suolojohka, na ninayempenda.

Ravna na mumewe walimpata vuli ile, mwisho wa kukusanya kundi, siku ambazo kila mwenye mali hutafuta alama yake na kuchukua wa kwake, wenzao wameshatenga wa kwao na kuondoka. Dume zima, jeupe pe, masikio hayajaguswa na kisu. Sasa, kulungu mkubwa asiye na alama haokotwi kama kuni. Kila mtoto wa kwetu hupewa alama yake, mikato ya masikio ambayo hana mwingine, na kulungu aliyechanjwa mikato hiyo ni wa mtoto huyo mpaka kufa. Asiye na alama huenda akawa wa watu wa chini. Nyinyi mngewaita majini. Sisi hatupendi kuwataja. Wana moto wao huko chini na kahawa yao, wana mifugo, na mifugo yao hupotea kama yetu. Ukitaka kumchukua mnyama wao, kwanza unarusha kisu juu ya mgongo wake. Chuma kikishapita, wenyewe hawadai tena. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Ravna hakurusha. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, mumewe Heika amemshika yule dume pembe anahema, na binti yao Nasti, kitoto cha miaka saba, yuko juu ya ua wa zizi analia kama aliyefiwa.

"Mama, wangu! Nimeshampenda! Mama, wangu!"

"Haya, wako, nyamaza!" Ravna akasema, akachomoa kisu, akamchanja dume alama ya Nasti, sikio la kulia na la kushoto. Damu haikutoka.

"Baridi hiyo," Heika akasema.

Jioni ile mama mkwe, Bi Gadja, alivuka ua kutoka kibanda chake, akakaa jikoni, akauliza, "Huyo mweupe mlimrushia kisu?"

"Tulimrushia, mama."

"Nani alirusha?"

"Mimi, mama. Mbona maswali?"

Alidanganya, tena hivihivi, macho makavu. Miaka yote ile bibi huyu alikuwa akimkagua: viatu umeshona vibaya, nyama umeitoa mapema, moto wako una moshi. Alichoka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Ravna siku ile alimchelea mwana na akamchoka mkwe, yote mawili kwa kisu kimoja.

Wao kazi yao majira ya baridi ni kupandisha wageni, watalii, kwenye sleji, vigari visivyo na magurudumu vya kuteleza juu ya theluji, na kuwazungusha msituni jioni. Kumfundisha kulungu kuvuta sleji huchukua miaka, na bado atakupiga teke. Mweupe alifungwa hatamu siku ya kwanza, akavuta. Heika akafurahi kupita kiasi.

"Huyu katumwa na Mungu!" alisema.

"Au na mwingine," Bi Gadja akajibu. Ravna akajifanya hakusikia.

Jua lilipoacha kuchomoza, kama lifanyavyo kwetu kila majira ya baridi, harufu ikaanza. Chumba cha Nasti kilinuka manyoya mabichi na moshi, na haukuwa moshi wa jiko lao. Kisha mtoto akaacha kuvaa kofia. Alitoka nje baridi inayopasua miti, kichwa wazi, akarudi masikio yana joto. Kisha Ravna akamkuta nyuma ya ghala la kuni, anabandua zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye misonobari, chakula cha kulungu, anazitia mdomoni kiganja kwa kiganja, anatafuna taratibu huku anatazama msitu.

"Tema! Nasti, tema hicho!"

"Tamu, mama," mtoto akasema.

Na jioni moja, Ravna akikata nyama jikoni peke yake, Heika yuko nje anapakia sleji za wageni, akasikia kitu kinatembea kwenye ujia wa ndani. Tik. Tik. Akadhani ni kulungu kaingia, akashika ufagio amfukuze, akafungua mlango kwa hasira, na pale kwenye ujia, miguu mitupu kwenye mbao, alikuwa amesimama mwanawe.

"Mama, nina njaa," Nasti akasema, akapiga hatua kumfuata. Tik, vikalia vifundo vyake. Tik, tik.

Ravna alimbeba mtoto mpaka kibanda cha Bi Gadja, akamkalisha karibu na jiko, akapiga magoti.

"Mama. Sikurusha kisu."

Bi Gadja akasukuma kuni jikoni. "Ukanitazama machoni ukaniambia umerusha."

"Nisamehe, mama. Nilikuchoka."

"Hilo najua. Mimi mwenyewe hujichoka." Akamvuta Nasti, akamgusa kifundo cha mguu, akaondoa mkono upesi. Akapunguza sauti. "Sikia. Dume ni wa kwao, na alama ni ya mtoto. Umewafunga pamoja kwa mkono wako. Sasa wanamvuta mnyama wao, na mtoto anakuja naye."

"Tumchinje!"

"Mchinje, halafu uje uangalie kitandani kwa mwanao! Na usimwambie Heika, maana atakimbilia shoka. Kisu cha kurusha kimeshachelewa. Alama haifutwi, ila alama nyingine hukatwa juu yake, na huyo mwenye alama mpya ndiye anayebeba yote. Kesho adhuhuri, tukipata kamwanga, nitakata yangu. Mimi nimeshaishi, mwanangu. Wakinitaka, watakuta mifupa."

"Mama..."

"Nenda kazini, wageni wanasubiri. Mweupe mfungie zizini. Huyu simwachi mkono."

Basi wakatoka na sleji mbili tu. Heika mbele na mgeni mwanamume, Ravna nyuma na mke wa mgeni, kulungu wake amefungwa kamba kwenye sleji ya mbele, kama ilivyo desturi. Msitu ulikuwa umetulia. Theluji imeinamisha misonobari, anga ina nyota, vifundo vinagonga, na Ravna alikuwa akihesabu tu pumzi zake, kesho adhuhuri, kesho adhuhuri, Mungu wangu kesho adhuhuri.

Yule mke wa mgeni akageuka akamgusa bega, akitabasamu. "Mtoto wenu huko nyuma hasikii baridi? Hana hata kofia."

"Mtoto gani?" Ravna akauliza.

"Yule wa sleji ya tatu. Anaimba vizuri sana."

Ravna hakutaka kugeuka, shingo yenyewe ilikataa, lakini akageuka, akaona kamba ambayo hakuifunga yeye imetoka kwenye sleji yake ikaenda gizani, na mwisho wa kamba yupo mweupe, anatembea bila mlio, na nyuma yake sleji ya zamani ya mtindo wa mashua, na ndani ya sleji Nasti, kichwa wazi, anaimba wimbo ambao hakuna mtu nyumbani aliyemfundisha.

"Nasti!"

Kamba ikaanguka kana kwamba haikuwahi kufungwa. Mweupe akaiacha njia, akaingia kati ya miti.

"Heika! Mchukue huyu mama!" Ravna alikuwa tayari anamfungua kulungu wake kutoka sleji ya mbele. "Mtoto! Mtoto kaenda kule!"

"Umepagawa? Mtoto yuko kwa mama!"

"Wapeleke wageni, kisha uje! Nakuomba, Heika, usiulize!"

Akamgeuza kulungu, akampiga hatamu ubavuni, wakaingia msituni pasipo njia, matawi yanamchapa uso, theluji inamwagika kifuani, na mbele yake wimbo ule unakwenda, mara karibu mara mbali, mara kama uko kulia na mara kama uko chini, chini kabisa, chini ya sleji, naye anaita jina la mwanawe mpaka koo likakauka, anaahidi kila kitu kwa kila mwenye kusikia, na harufu ya moshi ikaanza kumjia, moshi na nyama ya kuchemsha na kahawa, harufu nzuri ya nyumbani mahali ambapo hapajawahi kuwa na nyumba, mpaka miti ikaisha ghafla na kulungu wake akasimama akakataa kwenda mbele hata kwa kipigo.

Lilikuwa ziwa lililoganda. Juu ya barafu kundi zima la kulungu weupe lilisimama kimya, na moshi ulikuwa unatoka kwenye theluji yenyewe. Chini yake watu walikuwa wanaongea na kucheka, na vikombe vikigongana. Kando ya moshi alikaa mwanamke wa makamo, gauni la buluu kama letu, ila mkanda umefungwa kinyume.

"Karibu, jirani," akasema. "Umechelewa, chakula kimeiva."

"Nimemfuata mwanangu." Sauti ya Ravna ilikuwa mnong'ono tu.

"Tusigombane. Dume ni wetu, tumemlea tangu ndama. Nani alimchanja alama ya mtoto? Sisi?"

"Mimi."

"Haya basi. Mtoto mwenyewe kaja, hajavutwa. Njoo hapa, mtoto, mwambie."

Nasti akateremka kwenye ile sleji ya zamani, dume lao bado limefungwa mbele yake. Tik, tik, tik, juu ya barafu. Alimtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mpita njia, kisha akaangalia pembeni, anatafuna. Hapo Ravna ndipo roho ilipompasuka. Angelia mtoto, angemkimbia, afadhali. Lakini hakumjua.

Ravna akamwendea yule mweupe wa sleji. Dume halikusogea. Akalishika sikio, akachomoa kisu, akaikata alama yake mwenyewe juu ya alama ya Nasti, kulia, kisha kushoto, na safari hii damu ikatoka, ya moto, ikamlowesha mpaka kwenye viwiko. Dume likaruka nyuma. Vifundo vyake vikagonga, kwa mara ya kwanza tangu walipomwona.

"Mwenye alama sasa ni mimi," Ravna akasema. "Mwacheni."

Nyuma yake mtoto akapiga yowe. "Mama! Miguu! Mama, baridi inaniuma!"

Sijui kama kuna mama aliyewahi kufurahia kilio cha mwanawe kama yeye. Alimkumbatia, akamvisha kofia yake ya ndani na glavu zake, akamfungia kifuani ndani ya koti. Yule mwanamke alikuwa amesimama, anamtazama bila chuki.

"Na mimi?" Ravna akamuuliza. "Nibaki?"

"Ubaki kufanya nini? Nenda nyumbani ukamlaze mtoto." Akamkaribia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwa upole, kama anayebariki. "Nani kakwambia tuna haraka?"

Ravna akafumba macho. Alipofumbua ziwa lilikuwa tupu, mweupe hayuko, na theluji haina hata alama ya kwato. Kulungu wake akaijua njia mwenyewe. Katikati ya msitu wakakutana na Heika anakuja mbio na pikipiki ya theluji, analia waziwazi, maana alishapita nyumbani. Alimkuta mama yake uani bila koti, anazunguka huku na huku, ameshikilia glavu ya sufu ya Nasti isiyo na mkono ndani. Hakumwachia mtoto hata mara moja, alikuwa akisema. Hata mara moja.

Sote tulikusanyika jikoni kwao, mimi nikiwa nimevutwa na makelele. Nasti alikula mchuzi wa nyama bakuli mbili, akalalamika mguu unamwasha, akalala mapajani mwa mama yake. Kabla hajalala tulimsikiliza akitembea mpaka mlangoni kutema mate na kurudi, na mbao hazikulia ila kama mbao. Ravna akasimulia yote, kisu, uongo, ziwa, kila kitu. Heika alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Basi yamekwisha! Wamemwachia mtoto, wamemwachia na mama! Mama, si yamekwisha?"

Bi Gadja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Ravna, anamfungulia kofia ikauke jikoni. Akaivua, akabaki ameishika.

Masikio ya Ravna yalikuwa yamechanjwa. Yote mawili, mikato mitatu juu na mmoja chini, safi, imeshakauka, wala haina damu. Naijua kila alama ya wilaya hii kwa miaka arobaini. Ile haikuwa ya mtu yeyote.

"Unaumwa?" bibi akamuuliza, sauti ndogo.

"Wapi, mama?" Ravna akapeleka mkono sikioni. Vidole vikasimama pale. Vikapita kwenye kila mkato, polepole, kama tufanyavyo gizani zizini tukitaka kumjua kulungu ni wa nani.

"Nilikwambia nitakata mimi," Bi Gadja akasema, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe.

"Ulikuwa mbali, mama."

Heika alikuwa anatazama huyu na yule. "Lakini si wamemrudisha? Yuko hapa! Mtu akitaka kukuchukua hakurudishi!"

"Heika," mama yake akasema, "wewe ndama wako ukishamchanja alama, unamfanyaje?"

"Namwachia. Anakwenda zake malishoni."

"Mpaka lini?"

Heika akamtazama mke wake. Ravna ndiye aliyejibu, huku anamfunika Nasti vizuri miguu asipate baridi.

"Mpaka siku ya kukusanya, mama."