Nilinyima Kilio Salon kwa Ajili ya Treni ya Mikebe

Ndugu wasomaji, niko na miaka sitini na mbili na ninakaa peke yangu Kamalondo, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya vyumba vitatu. Msinihurumie haraka... Ngojeni kwanza mjue nimefanya nini!

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na mimi pia. Miaka ishirini na nane nilikuwa nageuza reli pale stesheni, treni hii ipite huku, ile ipite kule. Siku waliponiambia nikapumzike, nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti. Bibi yangu wa ndoa, Mama Odile, anauza samaki wakavu sokoni, alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Mtoto wetu mmoja tu, Odile, ameolewa Kolwezi. Jamani, nyumba ikikosa sauti, hata mwenye akili timamu anaanza kuongea na sufuria!

Hapo ndipo nilianza treni.

Sokoni nilikuta treni ndogo ya kuchezea, mota yake bado inazunguka. Nikatandika milango miwili ya zamani juu ya matofali, katikati ya salon, chumba chetu cha kupokea wageni. Nikasema nitajenga reli yetu yote, kutoka Lubumbashi mpaka Kamina. Reli nilizitengeneza kwa waya wa shaba. Vijiti vya kulalia chini ya reli nilivikata kwa wembe, kimoja kimoja. Mabehewa ni mikebe ya sardini. Milima ni magazeti niliyoyagandisha kwa uji wa unga wa bukari, ugali wetu, na panya wakaula mlima wote wa Likasi! Nililia, msicheke. Mama Odile akasema, "Kumbe unajua kulia!"

Kazi ilienda polepole sana. Wiki nzima, shubiri moja. Daraja la Bukama peke yake lilinila miezi minne. Nililijenga kwa vyuma vya mwavuli uliovunjika, na kila treni ikifika pale inaanguka mtoni.

"Baba Odile," bibi yangu alikuwa akinitania, "iyi treni yako itafika Kamina siye bote tuko mu kaburi!"

Mwaka wa tatu, mama yake Mama Odile alikuja kutoka Kamina kwa ajili ya matibabu, akakaa kwetu. Kwetu sisi mama mkwe ni heshima kubwa. Mwanaume hamtazami usoni, hali naye sahani moja, hapigi naye hadithi. Basi tulikuwa tunapishana tu mlangoni, kila mtu macho chini. Mpaka siku moja akasimama upande ule wa meza, mimi niko upande huu, wote tunatazama reli, akaniuliza, "Mukwe, Kamina iko wapi apa?"

Nikamwonyesha mbao tupu. Akacheka!

Tangu siku ile, kila alasiri tulikaa hivyo. Meza katikati, macho kwenye treni, hakuna aliyevunja heshima. Alinieleza tangi la maji la stesheni liko upande gani, wamama wanauzia wapi mihogo, ukuta una rangi gani. Nikaanza kuijenga Kamina kwa maneno yake. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyekaa na mimi vile... Stesheni ilikuwa bado haina paa alipofariki.

Mnajua desturi yetu ya kilio. Mtu akifa, salon inatolewa vitu vyote, viti, kabati, televisheni. Wanawake wanatandika mikeka chini na kukaa na wafiwa. Hakuna anayeomba ruhusa. Asubuhi ile wajomba wawili wa Mama Odile waliingia, wakashika meza yangu huku na huku.

Nikasimama mlangoni. "Hapana!"

Meza ilikuwa haipiti mlangoni bila kukatwa. Miaka mitatu ya kazi! Nikawaambia tufunge bashi nje, kwenye lupango, uani kwetu, wanawake wakae chini ya ile plastiki. Halafu nikaongeza neno linaloniuma mpaka leo. Nikasema marehemu mwenyewe aliipenda treni hii, angekubali. Nilimsemea maiti, wasomaji! Mtu mwenye moyo anafanya hivyo?

Mama Odile hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Odile, ni mama yangu." Nikamjibu, "Ni siku chache tu."

Mchana mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyo na adabu. Bashi ikajaa maji, ikapasuka. Mikeka, blanketi, wazee wa watu, vyote vikaloa. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani, nakagua bati lisije likavujia daraja langu!

Jirani yetu Mama Béa, muuza makala, yale makaa ya kupikia, hata si wa ukoo wetu, alitupa viti vyake nje kwenye mvua ile ile. "Bamama, mukuye huku!" akaita. "Kilio haikosake nyumba!" Mtaa mzima ukaona wanawake wakivuka barabara na mikeka kichwani, wakiiacha nyumba ya mkwe. Siku ya kuzika nilitembea nyuma kabisa. Hakuna aliyenipa mkono.

Kilio kilipokwisha, Mama Odile aliingia, akachukua nguo zake na sufuria yake, akaenda kwa mdogo wake anayekaa Naviundu. Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Kumbe! Sasa ni miezi saba. Odile nikimpigia simu ananiambia, "Papa, ongea kwanza na mama," halafu anakata.

Nikabaki na treni. Nikaweka paa la Kamina, nikanyoosha daraja. Alasiri moja treni ikapita Bukama bila kuanguka, ikaenda, ikaenda, ikasimama stesheni ya mwisho! Nikapiga kelele, "Muone!" Nikageuka... hapakuwa na mtu. Nilikaa chini nikajichukia.

Kesho yake nikashika msumeno. Nilikata yote, milima, daraja, Kamina yenyewe. Nikafagia salon mpaka sakafu ikang'aa. Nikavaa shati la kanisani, nikaenda Naviundu.

Nilimkuta anapanga samaki. Nikamwambia, "Mama Odile, nimekosa. Salon iko wazi. Nimetoa yote. Rudi."

Hakuacha kupanga samaki. Akaniuliza polepole, "Mama yangu anakufaka mara ngapi, Baba Odile?"

Akanipa maji ya kunywa kama mgeni, akanisindikiza mpaka barabarani, akarudi kwenye kazi yake.

Ndugu zangu, sikatazi mtu kupenda kazi ya mikono yake. Ipende! Lakini msiba ukibisha hodi, itoe nje wewe mwenyewe, hata ikivunjika. Mikebe ya sardini haitakwisha sokoni. Siku ya kumsaidia mwenzako kumlilia mama yake inakuja mara moja, na mimi nilikuwa nakagua bati. Nawaomba, msifanye kama mimi.