Onyo la Friji ya Insulini

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni kompyuta ya mfamasia ilipoganda. Fundi wa kompyuta wa hospitali akapenya katikati ya wagonjwa, shati limelowa mvua.

"Samahani dada, nimeitwa."

"Umeitwa au umeopolewa mtoni?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, huku akimtazama: koti jeupe lililonyooka kwa pasi, kitambaa cha zambarau kichwani, macho yasiyo na haraka. Kompyuta ilipona upesi. Kuondoka ndiko kulikomshinda.

Baadaye alirudi kumfundisha. Friji ya insulini ilikuwa ikisumbua, na kila hitilafu ilitakiwa iingizwe kwenye kumbukumbu za matukio za kompyuta. Akamfungulia lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

"Andika amri, kisha aina ya tukio, taarifa au onyo, kisha maneno yako. Ukiweka onyo, simu yangu inalia."

"Maneno yoyote?"

"Yoyote, mpenzi... samahani, dada."

"Usiwe mwepesi wa kuomba samahani."

Basi mfamasia akaandika. *Onyo: fundi haonekani tangu asubuhi. Onyo: nimekukumbuka.* Fundi akawa anatabasamu peke yake korido nzima. Lakini simu ililia hadi kwenye kikao, mkuu wa hospitali akamkazia macho, naye akazima mlio wa maonyo. Hakumwambia mfamasia, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake.

Jumamosi moja mchana friji ikafa. Mfamasia akaandika onyo, akaendelea kuhudumia watu, akiamini fundi yuko njiani. Hakuja. Insulini yote ikaharibika. Shangazi wa mfamasia, aliyemlea, alikuwa miongoni mwa waliorudi mikono mitupu, na akaishia kulazwa.

Mfamasia akamwambia mkuu kwamba aliandika onyo. Mkuu akampigia fundi mbele yake.

"Ulipata onyo lolote?"

"Hapana, mkuu. Sikupata."

Mfamasia aliona aibu kufungua kumbukumbu zilizojaa mapenzi yake. Akasimamishwa kazi. Alipofika nyumbani akapiga simu.

"Umenifanya mwongo."

"Mpenzi, haikulia, naapa."

"Kwa nini haikulia?"

"Nilizima mlio."

Simu ikakatwa.

Asubuhi fundi akaingia kwa mkuu, akamfungulia kumbukumbu.

"Onyo hili hapa. Aliandika. Mimi ndiye niliyezima mlio wa simu."

Mkuu akasoma mistari ya juu yake. "Na hii ya 'nimekukumbuka'?"

"Iliandikwa kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike lolote."

Mfamasia akarudishwa kazini. Fundi akafukuzwa. Walikutana kwenye ngazi, fundi akishuka na mkoba wa vifaa.

"Shangazi anaendeleaje?"

"Ameanza kula. Hataki kukusikia."

"Na wewe?"

Mfamasia alishika ukingo wa ngazi, macho yamevimba.

"Nina hasira nawe mpaka natetemeka. Nipigie kesho."

"Utapokea?"

"Sijui. Wewe piga."