Asidi Isiyokula Chuma

Saa 4:00 asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji.

Kifaru alichora handaki sakafuni kwa chaki.

"Tunashuka hapa. Dereva anavuta kamba, anafunika shimo, anakwenda kutungoja kwenye mlango wa ghala la kiwanda. Mbele kuna nondo, zimefungwa kwa boliti nne. Asidi inazila kimyakimya. Tukipenya, tuko ghalani: madini ya fedha safi, vipande hamsini. Saa nane kiwanda kinafungulia humo maji ya moto. Atakayekuwa ndani, ameiva."

"Mlinzi?" aliuliza Fundi, mchomeleaji wao.

"Saa saba huenda kula."

"Leo haendi," alisema Mkemia, mwanamke pekee kundini. Kiwanda kilikuwa kimemfukuza baada ya miaka kumi na mmoja. Aliingia kundini kwa ahadi kwamba hakuna mtu atakayeguswa. "Zamu ni ya baba, naye haachi lindo."

Kifaru aliacha kuchora. Alikuwa amemwoa dada yake Mkemia. Mzee yule alikuwa mkwe wake.

"Namheshimu," alisema Kifaru, akipapasa bastola kiunoni. "Lakini akinitambua, basi. Ameshakula chumvi ya kutosha."

Mkemia aliinuka, akaenda stoo kuandaa asidi. Peke yake.

Saa 7:15 mchana. Handakini.

Kamba ilipanda. Mfuniko ukagonga juu yao. Simu hazikushika mtandao. Fundi alimimina asidi kwenye boliti. Povu likachemka, jekundu kwa kutu.

"Dakika ishirini," alisema Mkemia.

Saa 7:35.

Fundi alimulika. Kutu yote ilikuwa imetoka. Boliti ziling'aa kama zimetoka dukani, nene vilevile. Alisukuma mtaimbo mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Wapi!

"Ongeza!" alifoka Kifaru.

Aliongeza. Saa 7:44. Boliti zilizidi kung'aa tu.

"Usijisumbue," alisema Mkemia. "Nimeitia dawa. Ile tunayotia kiwandani tukisafisha mabomba. Ni kama mafuta. Inang'ang'ania chuma kama ngozi. Asidi inakula kutu, chuma haikigusi."

"Umetuua!" alipiga kelele Fundi.

"Nilijua. Na mimi nimo humuhumu."

Kifaru alichomoa bastola. "Umeniuza, shemeji."

"Ulitaka kumuua baba yangu."

Fundi aliwatazama wote wawili. Miaka sita alikuwa amekula sahani moja na Kifaru. Jasho lilimwingia machoni. Kifaru alipoinua mkono, Fundi alimshushia mtaimbo kwenye kiwiko. Mfupa ulilia. Bastola ikaanguka, Fundi akaikanyaga.

"Hata wewe?" Kifaru aliguna, amepiga magoti.

"Nyamaza. Tutapika wote." Kisha akaanza kuzigonga nondo kwa nguvu zake zote. "Mzee! Mzee!"

Saa 7:53. Hakuna jibu.

Saa 7:56. Nyayo. Tochi ikawapiga usoni.

"Baba, maji!" Mkemia alipiga kelele. "Funga maji!"

Tochi ilianguka. Nyayo zikakimbia.

Walisimama wakisikiliza. Juu kabisa, king'ora cha saa nane kililia. Kifaru alifumba macho. Bomba likakoroma, likatema vikombe viwili vya maji yanayofuka, likanyamaza.

Mzee alirudi akihema, kifua kikipanda na kushuka. Alimwangalia mkwewe, akaiona bastola chini ya kiatu cha Fundi. Hakuuliza ilikuwa ya nani.

"Umeungua, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nisamehe."

Mzee aliketi sakafuni upande wake wa nondo. Aliingiza mkono mmoja katikati ya vyuma, akamshika binti yake vidole. Kwa mkono wa pili alitoa simu, akawaita polisi.